Inchi Tatu Ndani ya Shali

Nianze na kosa langu, kwa sababu watu wa hapa Garissa wakisimulia habari za Dubow huanza na kosa lake, na yeye hana kosa. Mimi ni fundi wa magari. Gereji yangu iko nyuma ya soko la mifugo, kwenye kiwanja cha Haji Bare, mzee ambaye amekuwa dalali wa ng'ombe tangu mimi sijaota ndevu. Kiwanja hicho aliniachia kwa neno la mdomo tu, bila karatasi. Neno la mdomo linaweza kurudishwa siku yoyote, na mimi sijapata kulisahau hilo hata siku moja. Tena mimi si wa ukoo wao wa Kisomali. Ni Mmunyoyaya, mtu wa mtoni, na wazee wangu walilima kando ya Tana. Hapa mjini wananiita Fundi, basi.

Dubow nilimjua mwaka ule ukame ulipommalizia ngamia. Walikuwa wangapi sijui, maana hakuwahi kuwataja kwa hesabu. Aliwataja kwa majina. Walikufa mmoja mmoja upande wa Balambala, na wa mwisho alipolala asiinuke tena, Dubow alimgeukia mkewe Maryan akamwambia afunge vitu. Wakaingia mjini na watoto watano, masufuria na mikeka. Kazi aliyoipata ni ya kusukuma ng'ombe wapande malori pale sokoni. Ile ni kazi ya vijana, na yeye alikuwa ameshavuka arobaini. Jioni nilikuwa namwona ameegemea ukuta peke yake, viganja vimechubuka kwa kamba, hataki kuongea na mtu.

Wasomali wana jambo moja ambalo nawaonea wivu mpaka leo. Mtu wao akianguka, jamaa hukusanyika wakamchangia. Wenyewe huita qaaraan. Si mkopo na si sadaka. Huyu akatoa mbuzi, yule kondoo, aliye ng'ambo akatuma chake, wakauza, wakamnunulia Dubow pikapu nyeupe, Hilux iliyokwisha kula barabara nyingi lakini injini yake safi. Huo ndio uzuri wa qaaraan. Ubaya wake ni kwamba kila aliyetoa hubaki na sauti katika kile kitu mpaka kife, na aliyetoa fahali ana sauti kubwa kuliko aliyetoa mbuzi. Fahali alitoka kwa Haji Bare.

Dubow akajifunza kuendesha ukubwani, akafeli mtihani mara ya kwanza, akarudi, akapita. Kisomali cha sokoni nakijua vizuri, lakini alinikataza nisikitumie naye. "Ongea na mimi Kiswahili, Fundi," aliniambia, na p mara nyingine humtoka b. "Bolisi wa barabara anaongea Kiswahili. Mimi nikinyamaza, anafikiri nimetoka ng'ambo ya mpaka." Basi gereji yangu ikawa darasa lake. Alikuwa anakuja kubadilisha oili na kuniuliza neno la breki, neno la tairi, neno la samahani afande.

Kazi yake ikawa kubeba maziwa ya ngamia kutoka Balambala hadi hapa mjini. Kina mama wa maziwa walikuwa kama kumi na wanne, na mkubwa wao alikuwa Ruweyda, mjane mwenye ulimi mkali ambaye alipanda mbele kila safari ili maziwa yasifike bila jicho lake. Kila mama alifunga kitambaa chake cha rangi kwenye shingo ya mtungi, na Dubow alijua kila kitambaa ni cha nani. Hakuwasha redio njiani; alisema anasikiliza gari. Hakunywa chai mpaka mtungi wa mwisho uwe umeteremshwa. Mtu akimwomba lifti juu ya mitungi alimkatalia, hata akiwa shemeji yake. Ruweyda alikuwa na kawaida ya kusema mbele za watu kwamba madereva wa Garissa wote ni wezi isipokuwa mmoja, na Dubow akisikia alikuwa anainamisha uso kama mwari. Miaka miwili hiyo, jamaa walianza kumwita tena kwenye nikaha awe shahidi. Nataka mwelewe kwamba pikapu ile haikuwa chombo cha kazi tu. Ndiyo iliyomfanya aitwe mtu tena.

Sasa, pikapu yoyote ikiwa haina mzigo husimama imeinua makalio na kushusha pua. Haina ugonjwa. Walioiunda waliacha nafasi ile nyuma ili ukipakia ishuke, gari likae sawa. Lakini siku hizi kuna mtindo. Madogo wenye magari wanawekewa vipande vya chuma juu ya shoku za mbele, sisi tunaviita spesa, pua inapanda, gari linasimama limebeba kifua. Nilikuwa nimeleta seti tatu kutoka Nairobi: za inchi moja, za inchi mbili na za inchi tatu. Zilikuwa kwenye boksi karibu na mlango, na ni kweli nilikuwa natafuta wa kumuuzia.

Haji Bare alikuwa anamwoza mwanawe Zakariye. Upande wa bibi arusi walikuwa watu wa Elwak, wafanyabiashara wa maana, na ilijulikana watakuja na magari makubwa mapya. Haji akaamua magari ya jamaa yake yote yapite mjini kwa msafara, na pikapu ya Dubow ibebe wapiga picha. Wiki mbili kabla ya arusi, baada ya swala ya alasiri, akaja gerejini na wazee wawili, na Dubow nyuma yao anaendesha taratibu.

Haji aliamuru pikapu isimamishwe mahali peupe, mzigo wote utolewe. Kisha akaizunguka. Nimemwona akiwazunguka ng'ombe namna ile maisha yangu yote: fimbo nyuma ya mgongo, jicho moja limefumbwa, anaanzia mkiani anamalizia kichwani. Akaipiga kofi ubavuni. Akarudi nyuma hatua tano akaitazama kwa upande.

"Imeinamisha kichwa," akasema. "Ng'ombe ikiinamisha kichwa, mnunuzi anapita."

Wazee wawili wakakubali kwamba kweli, imeinamisha kichwa. Mmoja akasema inaonekana kama ina njaa. Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu walikuwa wamesema kweli kwa macho yao. Watu hawa wanaweza kukuambia ng'ombe alikunywa maji lini kwa kumtazama tu anavyosimama. Lakini fahali hupimwa tupu kwa sababu hatapakiwa kitu. Alivyo ndivyo alivyo. Gari la mzigo ukilipima tupu umelipima kosa, na hapakuwa na mtu pale wa kuwaambia hivyo ila mimi na Dubow.

Dubow alijaribu. "Adeer," akasema, kwa adabu, kwa kuwa Haji ni wa daraja la baba yake, "leo hakuna mzigo. Nikiweka maziwa, nyuma inashuka yenyewe, inakaa sawa. Hii gari si mgonjwa."

"Siku ya arusi utaweka maziwa?" Haji akamuuliza.

Wazee wakacheka.

Nikatoa futi, nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, mbele na nyuma, nikawaonyesha. Nikasema kama ni lazima, tuweke spesa za inchi moja mbele, na nyuma tuongeze jani moja la springi ili mzigo usiikalishe. Hapo hakuna kitakachoumia. Dubow akaitikia haraka, inchi moja sawa, ili jambo liishe. Nami nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye boksi.

Haji akanisogelea, akashusha shali kutoka begani, akaufunika mkono wake wa kulia, akaninyooshea.

Kwa asiyejua soko letu nieleze. Madalali wa ng'ombe hawatamki bei. Wawili hushikana mikono chini ya kitambaa, na kila kidole kikibanwa kina maana yake. Wanaozunguka wanaona kitambaa kikitikisika tu, hawajui nani ametaka nini, kwa hiyo hakuna wa kuingilia wala wa kupinga. Wakimaliza, mmoja husema tumeelewana, na yaliyopita mle ndani hayatolewi nje. Miaka yote niliyokaa nyuma ya soko lile hakuna mzee aliyewahi kunifunikia shali. Hayo ni mambo yao, na mimi ni wa mtoni.

Nikaingiza mkono. Haji akanishika vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, akavibana mara moja kwa nguvu. Nikatazama usoni pake na uso haukusema lolote. Ningeweza kuutoa mkono. Ningeweza kumbana kidole kimoja nimrudishie, ndivyo madalali wanavyofanya wasipokubali. Lakini nilikuwa nimevimba kichwa. Wazee wawili wanaona Haji Bare amenifunikia shali mimi, kama dalali mwenzake. Nikabana vitatu.

"Tumeelewana," Haji akasema, akatupa shali begani.

Dubow alinitazama. Hakuona vidole, hakuna aliyeona. Asubuhi yake aliponikuta nimetoa spesa za inchi tatu, alisimama karibu na jeki. "Tulisema moja," akasema.

"Mimi na Haji tumeelewana," nikamjibu. Maneno hayo ndiyo niliyomwambia rafiki yangu.

Kazi yenyewe ilinichukua mpaka adhuhuri. Nikainua mbele, nikavua magurudumu, nikafungua nati tatu za juu ya shoku, nikashusha mkono wa chini wa gurudumu, nikatoa shoku na springi yake, nikaifunga spesa juu yake na kurudisha. Kurudisha ndiko kulikoniambia ukweli. Ilibidi niukanyage mkono wa chini kwa chuma kirefu ndipo shoku iingie, na ilipoingia, joinbol ya chini, kile kiungo kinachoshika gurudumu, ilikuwa imevutwa mpaka mwisho wake, haina pa kucheza tena. Upande wa kushoto mkono wa juu ulikuwa unagusa springi. Fundi yeyote angeona. Niliona, nikapaka grisi, nikafunga. Mwenye mashine ya kunyoosha magurudumu pale mjini alihangaika nayo, akashindwa kuyaweka sawa, akaniambia niwaambie wenyewe. Sikuwaambia.

Arusi ilipendeza. Pikapu ilipita na kifua chake juu, vijana wakashangilia, na watu wa Elwak wakaitazama. Haji alifurahi siku nzima.

Jumatatu Dubow akapakia maziwa. Nyuma ikashuka kama kawaida, lakini sasa mbele ilikuwa juu kuliko nyuma, na gari likatembea linatazama mawingu. Akaja kwangu wiki ileile. "Usukani mwepesi, Fundi. Haishiki barabara. Nakata kona, inafikiria kwanza." Akasema taa zinamulika juu ya miti. Akasema kuna mlio, tak, tak, kushoto, kila akipita shimo. Aliusikia mapema kwa sababu hakuwasha redio. Akaniomba nitoe vile vyuma.

"Mwambie Haji aniambie," nikasema.

Akaenda. Haji akamjibu kwamba watu wameisifu gari, ya nini kuishusha. Dubow akarudi mara ya pili, mwezi mmoja baadaye, tairi za mbele zimelika upande wa ndani mpaka waya, akaniomba nivitoe bila Haji kujua. Kutoa spesa ni kazi ya asubuhi moja. Nikamwambia yale yale. Akasema "haye", akaondoka. Hakugombana na mimi. Afadhali angegombana.

Ikawa Ramadhani, wakati maziwa yanapotakiwa kuliko wakati wowote. Walitoka Balambala alfajiri, mitungi imejaa, Ruweyda amekaa mbele. Kabla ya laga moja, korongo lisilo na maji, pale njia inapoteremka kwenye mchanga, joinbol ya kushoto ikachomoka. Gurudumu likalala chini ya bodi, pikapu ikageuka ubavu, ikasota mpaka kwenye mchanga. Dubow alitoka na mikwaruzo. Ruweyda alivunjika mguu juu ya goti. Maziwa ya kina mama kumi na wanne yaliingia mchangani, na Dubow, baada ya kumtoa Ruweyda na kumfunga mguu kwa ubao na khanga, alikimbia anasimamisha mitungi ambayo ilikuwa imeshamwagika. Hayo aliyaeleza mwenye lori aliyewakuta.

Jamaa wakakutana uani kwa Haji Bare, wakatandika mikeka. Pikapu ilikuwa ya qaaraan, kwa hiyo swali lilikuwa moja: ni gari au ni dereva? Kama ni gari, litengenezwe, Dubow arudi barabarani. Kama ni dereva, apewe mwingine. Wengine walishaanza kusema alikuwa na saumu na usingizi, na kwamba mtu wa ngamia ni wa ngamia tu. Kina mama wa maziwa walimtuma mmoja wao, Nasteho, aje asikilize. Nami nikaitwa.

Dubow alipopewa nafasi hakusema mengi. Alisema hakulala. Alisema gari lilibadilika baada ya kuinuliwa, na kwamba walisema inchi moja, zikawekwa tatu.

Haji Bare alikuwa anahesabu tasbihi. "Mimi sikutaja inchi yoyote," akasema. "Nani hapa amenisikia nikitaja inchi?"

Hakuna aliyemsikia. Hakusema uongo hata herufi moja. Wazee wawili waliokuwepo siku ile wakasema kweli, hakutaja.

"Mulishikana mkono ndani ya shali," Dubow akasema. Akanigeukia. "Fundi aseme. Yeye anajua ilikuwa ngaabi."

Aliposema ngaabi badala ya ngapi, kijana mmoja alicheka nyuma. Uani kote wakanitazama. Haji hakunitazama, aliendelea na tasbihi. Niliwaza gereji yangu, mashine ya kuchomelea, mke wangu na wanangu wanaolala chumba cha nyuma ya gereji ile ile. Niliwaza pia kwamba yaliyopita chini ya shali hayatolewi nje, na nikajidanganya kwamba hiyo ndiyo sababu.

"Tulielewana kuinua," nikasema. "Kiasi kilikuwa cha kawaida."

Ningeishia hapo ingekuwa dhambi moja. Lakini walikuwa bado wananitazama, nikaongeza: "Gari likiendeshwa polepole haliwezi kuvunjika pale."

Walimaliza haraka baada ya hapo. Dubow aliweka funguo kwenye mkeka, mbele ya Haji, akaaga kila mzee kwa mkono, na mimi pia akanipa mkono. Pikapu alipewa Abdiqani, mpwa wa Haji. Siku ya tatu ikavutwa hadi kwangu na Haji mwenyewe akaja. Akaniambia nibadilishe joinbol, kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "na vile vyuma vya mbele, toa." Nikavitoa asubuhi moja. Inatembea vizuri. Inapita hapa kila siku na maziwa yake, imekaa sawa kabisa, na redio inalia.

Dubow alirudi kusukuma ng'ombe. Sasa anakaribia hamsini na hawampi tena ng'ombe wakubwa, wanampa ndama. Ushahidi wa nikaha haitwi. Ruweyda anatembea kwa magongo, na Dubow akimpa salamu njiani hageuzi hata shingo. Ulimi uliomsifu ndio unaosema sasa kwamba alilala usingizi akamwacha kilema.

Mwezi wa pili baada ya kikao Dubow alikuja gerejini, saa za mchana wakati soko limetulia. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari, kwa kweli nilikuwa namngojea. Alikaa juu ya tairi. Aliuliza hali ya mke wangu, akauliza watoto mmoja mmoja kwa majina. Kisha akauliza: "Fundi, mimi sitasema kwa mtu. Vidole vilikuwa ngaabi?"

"Vitatu," nikasema. "Na hizo inchi tatu ndizo zilizoivuta joinbol mpaka ikachomoka."

Alifumba macho. Nilimwona mabega yakishuka.

"Basi si mimi," akasema. "Mimi nilianza kufikiri labda nililala. Kila usiku nafikiri. Maryan pia anafikiri, lakini hasemi. Nilikuwa naona labda kidogo, macho yalifunga kidogo, na sijui." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Alhamdulillahi. Si mimi."

Ilikuwa imenijia kwamba yote niliyodhani nimemnyang'anya, gari, kazi, heshima, hayakuwa yote. Nilikuwa nimemfanya mtu mwaminifu kuliko wote niliowajua asijiamini mwenyewe.

Aliposimama kuondoka alinishika bega. "Usiambie Haji," akasema. "Usiambie wazee, utafukuzwa hapa, na wewe una watoto. Lakini Mama Ruweyda, yeye beke yake. Nenda umwambie. Ajue tu kwamba sikulala."

Nikamwambia nitaenda. Nilimwapia.

Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile. Nyumba ya Ruweyda iko nyuma ya msikiti, na nikisimama mlangoni pa gereji naona bati lake. Dubow hupita asubuhi akielekea sokoni, hunisalimu, hunitazama kidogo kuona kama nimeenda, kisha hutazama kando ili nisione haya. Sijaenda.